Somo: Kuchagua hita ya maji ya kuoga kwa fleti ndogo hapa Mombasa

Hamjambo nyote. Ikifika Julai na Agosti, kusi likivuma na asubuhi kuna rasharasha, watu wa Mombasa wanaanza kuulizana habari za hita, haswa wenye watoto wa shule na wazee wa kuumwa na viungo. Ya kupasha nyumba hatuna haja nayo huku, ni ya maji ya kuoga tu. Sasa shida ni kuwa ukiingia dukani unauliza ipi yenye nguvu, muuzaji anakuuliza una shilingi ngapi, mnamalizana hapo. Kwa Mombasa hayo ndio maswali ya mwisho. La kwanza ni maji yako ni ya namna gani, la pili ni waya zako, halafu ndio uje kwenye wati.

HATUA YA 1: Jua maji yako

Yanayotoka kwa mfereji, ya chemchemi ya Mzima na visima vya Baricho, ni maji matamu. Lakini mfereji hauji kila siku, na nyumba nyingi za kupanga tangi la juu linajazwa na kisima, kwa hivyo leo unaoga matamu kesho unaoga chumvi. Onja. Tena angalia sabuni, ikikataa kutoa povu na sufuria ya chai ikishika ukoko mweupe ndani, hayo maji yana chokaa, manake mji wetu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe na maji ya kisima yanapita humo humo.

Haya mambo mawili yana madhara tofauti. Chokaa inajishikisha kwa koili, kile chuma kinachopasha maji, joto linashindwa kutoka, koili inajichoma yenyewe. Chumvi ndio mbaya zaidi kwa sababu maji ya chumvi yanapitisha stima vizuri sana kuliko maji matamu. Shawa za stima, zile zinazopasha maji yakipita, za bei ya chini nyingi koili yake iko wazi, inagusana na maji moja kwa moja, sasa ukiweka hiyo kwa maji ya kisima, kwanza inaliwa upesi, halafu stima inavuja kwa maji yanayokumwagikia kichwani. Kwa hivyo nawaomba sana, kama kuna dalili yoyote ya chumvi, chukua ile ambayo boksi lake limeandikwa wazi ni ya maji ya chumvi, ambayo koili imefunikwa. Bei iko juu kidogo, lakini hapo usibane pesa.

HATUA YA 2: Waya

Shawa ya wati 5,500 kwa stima yetu ya volti 240 inavuta kama ampia 23. Soketi ya kawaida ni ya ampia 13. Kwa hivyo haiwezekani kabisa kuichomeka kwa soketi wala ekstensheni, inataka waya wake peke yake kutoka kwa boksi la breka, usiopungua milimita 4 za mraba, na breka yake, na swichi yake kubwa mbali na maji. Na waya wa athi, ule wa kijani na njano unaopeleka ardhini stima iliyovuja, lazima ufungwe kwa athi ya ukweli. Kuna mafundi wanaukata ati kwa sababu RCD, ile breka inayokata stima ikivuja, inaruka kila mara. RCD inaruka kwa sababu kuna stima inavuja! Inakuokoa, wewe unaizima. Fundi akikwambia hivyo mlipe nauli yake aende, tafuta mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali ya nishati.

HATUA YA 3: Ndio sasa wati

Hapa pwani tuna bahati. Maji ya tangi hata msimu wa baridi hayako baridi vile ya Nairobi, tuseme ni digrii 26, na wewe wataka kuoga kwa 38, ni digrii 12 tu unaongeza. Shawa ikiwekwa kwa nguvu ya chini, tuseme wati 3,500, inakupa kama lita 4 kwa dakika za joto hilo, ambayo yatosha kuoga bila taabu. Ile nguvu ya juu wengi hamtaihitaji.

Piga hesabu ya tokeni. Watu wanne, kila mtu dakika 10 kwa wati 5,500, kwa mwezi ni kama uniti 110. Hao hao wanne, dakika 6 kwa wati 3,500, ni kama 42. Na koili ya ndoo, ile ya kutumbukiza kwenye ndoo ya maji, lita 15 kila mtu, ni kama 25, si kwa sababu koili ina ajabu yoyote, ni kwa sababu ndoo ina maji machache. Na mkumbuke tangu Aprili 2023 bei za nyumbani zina madaraja, mpaka uniti 30 kwa mwezi, halafu mpaka 100, halafu kupita 100, kwa hivyo hita inaweza kukupandisha daraja na kila uniti ya nyumba nzima ikawa ghali, hata ya taa na friji.

HATUA YA 4: Uchague nini

Koili ya ndoo ni rahisi lakini ndio inanitia hofu zaidi, haswa penye watoto. Ukiwa nayo: ndoo ya plastiki sio ya bati, itumbukize kwanza ndio uwashe, izime na uichomoe KABLA ya kutia mkono kuonja maji. Na usiitumie ndani ya bafu.

Shawa ya stima yafaa kama waya ziko sawa na presha ipo. Mkiwa ghorofa ya juu kabisa karibu na tangi, presha ni ndogo na shawa nyingine hazitawaka kabisa, uliza presha ya chini inayotaka.

Kuna ya tatu watu wanaisahau, kitangi kidogo cha lita 15 cha ukutani. Hiki kinatumia kama wati 1,500 tu, ampia 6 na kitu, kwa hivyo waya za kawaida zinakibeba bila kuchimba ukuta wa mwenye nyumba. Kikichemsha mpaka digrii 60, ambayo ni kama dakika 25, ukichanganya na baridi unapata zaidi ya lita 40 za kuoga, watu wawili hao. Mimi kwa fleti ya chumba kimoja ya kupanga ningeanza na hiki. Hakikisha kina valvu ya kutoa presha, na ndani mna fimbo ya magnesiamu inayoliwa badala ya tangi, kwa maji ya chumvi inaisha mapema, ikaguliwe kila mwaka.

HATUA YA 5: Siku ya kufunga

Shawa mpya, fungulia maji yapite kwanza stima ikiwa imezimwa, mpaka yajae ndani. Ukiwasha ikiwa kavu koili inakatika hapo hapo. Na zile za kubadilisha kwa kiswichi cha juu, funga maji kwanza ndio ubadilishe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Likoni: Shukran kwa somo. Nina mtoto mchanga, nimnunulie nini?
Jibu: Hongera mamangu. Kwake huhitaji kitu kipya, chemsha kwa birika tu. Tia maji baridi kwa beseni kwanza halafu ya moto, koroga, pima kwa kiwiko. Yasizidi digrii 37 hivi.

Mpangaji wa Bamburi: Shawa yangu nikigusa bomba nasikia kama mdudu ananitambaa, lakini maji yanatoka moto vizuri tu. Niendelee?
Jibu: La ndugu yangu, usioge tena na hiyo! Zima kwenye breka leo hii, sio kiswichi cha bafuni. Hiyo ni stima inavuja, na yaelekea athi haiko au imekatwa. Mwite fundi apime athi kwanza ndio aangalie shawa, na mwambie mwenye nyumba kwa maandishi.

Dada wa Tudor: Na sola je? Jua si tunalo.
Jibu: Nzuri mno dadangu, kama paa ni lako. Kwa mpangaji ni mpaka mwenye nyumba akubali, na tangi liwe la kuhimili chumvi.

Mwanachama wa Majengo: Shawa yangu matundu yameziba, maji yatoka kwa nyuzi nyuzi.
Jibu: Ni chokaa. Zima stima, fungua uso wake, uloweke kwa siki usiku kucha, sugua na mswaki wa zamani. Kisha ukirudisha, pitisha maji kwanza kabla hujawasha.