Jinsi ya kufunga kamera ya rivasi kwenye gari lako

Wadau, mimi ni fundi umeme wa magari hapa Mwanga, Kigoma. Hizi kamera nazisisitiza sana, maana ukirudi rivasi pale Kibirizi asubuhi dagaa zinashuka, watoto wanakatiza nyuma ya gari na vioo haviwaoni kabisa.

Kununua kwanza. Noah, Probox na nyingine ndogo ni volti 12 ila Canter nyingi ni volti 24, ukiunga kamera ya volti 12 humo unaiunguza. Na kama redio yako ya skrini haipokei AHD (aina ya mawimbi ya picha kali kuliko ya kamera za kawaida) usichukue kamera ya AHD, picha haitoki.

Haya, usitoboe kitu bado. Vuta hendibreki, weka swichi on bila kuwasha injini, ingiza rivasi, chomeka testa kwenye waya za taa ya rivasi. Unaowasha testa ndo chanya, toa gia uone inazima. Ukishaujua toa teminali hasi ya betri, halafu waya mwekundu wa kamera unga kwenye hiyo chanya, mweusi funga kwenye bodi, kwangua rangi mpaka chuma kionekane.

Kazi yenyewe sasa ni mlango wa nyuma. Waya wa picha upitishe ndani ya ule mpira zinamopita waya za kiwandani pale kwenye bawaba, mimi natanguliza waya mgumu mwembamba nimeupaka maji ya sabuni ndo nauvutia, hapo naweza kumaliza nusu saa na sijali, kwa sababu nimeshafumua gari nyingi fundi kapitisha ukingoni, mlango unaubana kila ukifungwa mpaka unakatika. Acha na ulegevu kidogo. Baada ya hapo pita chini ya kapeti mpaka kwenye dashibodi, nguzo zenye alama ya SRS, yaani zenye airbag ndani, usiziguse.

Pini ya njano inaingia kwenye tundu la CAMERA nyuma ya redio. Ule waya mwekundu mwembamba unaotoka kwenye kebo ya picha wengi wanauacha unaning'inia! Nyuma unaunga kwenye chanya ya taa ya rivasi, mbele kwenye waya wa redio ulioandikwa BACK au REVERSE, ndo unaoiambia skrini igeuke.

Rudisha betri ujaribu. Kulia na kushoto vikigeukiana, kamera nyingi zina kitanzi cha waya cha kukata, angalia karatasi yake kipi.

Maungio yote lehemu, piga tepu. Mwisho weka ndoo mita 1 nyuma ya bampa, kisha mita 2, uone kila mara inaangukia mstari gani kwenye skrini.