Namna ya Kuandaa Aptama na Kuihakiki Kabla ya Jaribio

Aptama ni uzi mfupi wa DNA au RNA unaojikunja na kupata umbo linaloweza kunasa molekuli mahususi, iwe protini au kemikali ndogo. Mbinu ya kuzichuja, iitwayo SELEX, ilitangazwa mwaka 1990, lakini watafiti wengi huagiza tu mfuatano uliokwisha kuchapishwa. Kabla ya kuagiza, chunguza bafa (myeyusho wa chumvi wenye asidi iliyodhibitiwa) iliyotumika wakati wa uchujaji, kwa kuwa umbo huitegemea. Aptama ya thrombini, protini ya kugandisha damu, yaani GGTTGGTGTGGTTGG, hupanga guanini zake (besi za herufi G) katika tabaka mbili za nnenne zinazoshikiliwa na ioni ya potasiamu; mwenye kuiweka katika bafa ya lithiamu asishangae ikishindwa kunasa chochote.

Ikishafika, iyeyushe katika bafa hiyo, ipashe joto la nyuzi 95 za Selsiasi kwa dakika 5, kisha iache ipoe kama walioichuja walivyofanya. Ikiwa ni RNA, magnesiamu itiwe baada ya kupoa, kwani ikichemka pamoja na RNA huikatakata.

Hatua inayorukwa mara nyingi, na kwa maoni yangu ndiyo muhimu kuliko zote, ni ulinganisho, yaani uzi usiotarajiwa kunasa kitu. Tayarisha uzi wa pili wenye urefu uleule na besi (herufi za DNA au RNA) zilezile zilizopangwa upya ovyo. Kwa aptama yenye guanini nyingi, ni salama zaidi kubadilisha guanini zinazobeba umbo, maana hata mchanganyiko mpya waweza kujikunja vivyo hivyo. Jaribu pia molekuli inayofanana na ile unayoitafuta: aptama ya teofilini, dawa ya pumu, iliyoelezwa mwaka 1994 huikataa kafeini, ingawa tofauti yao ni kundi moja tu la methili. Hapo ndipo upime nguvu ya kunasa, ukiweka aptama kwa kiwango kidogo kisichobadilika na kuongeza protini hatua kwa hatua.

Kwa kuvuta protini kutoka katika seli zilizopasuliwa, aptama huunganishwa na biotini, molekuli ndogo, na kunaswa kwenye chembe zenye streptavidini, protini inayoshika biotini kwa nguvu. Kwa kutia seli hai rangi kwa aptama yenye rangi inayong'aa, ongeza RNA ya hamira ili kuziba mishiko ya ovyo, na utenge seli zilizokufa, kwa sababu hizo hufyonza karibu uzi wowote wa DNA na kutoa mwanga wa uongo.