SOMO: Kusawazisha ditekta ya dhahabu ili mkono usichoke mapema

Ukiishika ditekta ya GPX 5000 dukani unaona kilo 2.4 si kitu, tena betri yake inavaliwa mgongoni. Izungushe kwa muda wa saa mbili porini Chunya, bega linawaka na vidole vinakufa ganzi. Kilo ni zile zile, shida ni mahali zilipokaa. Koili, ile sahani ya chini inayonusa dhahabu, iko karibu mita moja mbele ya mpini, na kiganja ndicho kinachoizuia isichomekee chini muda wote. Gramu 100 kwenye koili zinakuchosha kuliko nusu kilo iliyo chini ya kiwiko. Kwa hiyo anza kupunguza mbele. Kuongeza nyuma kuje baadaye.

1. Vua kava la koili ulisafishe. Udongo mwekundu ukichanganyika na umande hujaa humo na kuganda kama tofali. Ukimaliza, zungushia tepu ya umeme kwenye maungio. Usitumie tepu ya foili, mashine itaisikia.

2. Rekebisha urefu wa fimbo. Simama wima, bega limelegea, kiwiko kimekunjwa kidogo. Koili ikae sm 2 hadi 3 juu ya ardhi, sm 30 hadi 40 mbele ya vidole vya mguu. Wengi huiacha ndefu mno wakidhani watafagia eneo kubwa, kumbe wanauza mgongo. Kila sm 10 unazofupisha ni nafuu unayoisikia siku hiyo hiyo.

3. Sogeza egemeo la mkono, pale mkono wa mbele unapolala, hadi likae vidole viwili au vitatu chini ya kiwiko. Mkanda wake usibane, uwe unapitisha kidole. Mpini ukiwa mwembamba, uzungushie mpira wa tyubu ya baiskeli mara mbili. Mpini mwembamba unakufanya ukamue bila kujua.

4. Pima mzigo wenyewe. Laza mpini kwenye ukingo wa meza uliowekewa kitambaa, koili ining'inie nje. Ngoeka mizani ya kuning'iniza kwenye egemeo, vuta chini mpaka fimbo ikae kama unavyofanyia kazi. Ikisoma kilo 1.5, hiyo ndiyo nguvu ambayo mkono unaitoa kila sekunde.

5. Jaribu kwa maji. Funga chupa ya nusu lita nyuma ya egemeo, weka ml 200, zungusha mashine dakika kumi, ongeza ml 100, rudia. Ml 100 ni gramu 100, huna haja ya kupima tena. Lenga kuondoa theluthi moja ya ile namba ya mizani, kwa mfano wetu gramu 500. Usitafute sifuri.

6. Ukipata kiasi, tengeneza uzito wa kudumu. Kipande cha bomba la plastiki la inchi 2, urefu sm 20, kikishindiliwa mchanga mkavu kinatoa nusu kilo na kitu. Shindilia mpaka usisikie mchanga ukicheza, gundisha vifuniko pande zote, kisha kibane kwa kamba za plastiki chini ya egemeo.

7. Mkanda wa bega. Kwa mashine kama GPZ 7000 yenye kilo 3.32, hatua hii si hiari. Mpira wa kuvutia unaoning'inia kutoka kwenye mkanda uishike fimbo sm 10 hadi 20 mbele ya mpini. Ukiachia mkono, koili ielee sm 5 hivi juu ya ardhi. Ikigusa chini, mpira ni mrefu. Ikipanda hadi magotini, utakuwa unaikandamiza siku nzima, na hapo umebadilisha tu msuli unaouma.

Zungusha kwa kiuno, siyo kwa kiganja, na badilisha mkono kila nusu saa kabla haujaanza kuuma.

MASWALI

Swali: Mkuu, nati na bolti haziwezi kufaa badala ya mchanga?
Jibu: Uzito zinao, ila zinagongana na kutikisika, na chuma kinachotikisika ndicho kinacholeta kelele za uongo. Ukilazimika tumia risasi za kuvulia samaki, zimwagie nta zisicheze. Kisha washa mashine, inua koili hewani, sogeza uzito taratibu. Ikilia ukiwa bado mbali, achana nao.

Swali: Nimeweka gramu 800, mbele kumekuwa kwepesi kabisa lakini bega linauma kuliko mwanzo. Nini hiki?
Jibu: Umezidisha, kaka. Kiganja kimepumzika, bega limebeba jumla. Tena mashine nzito inagoma kugeuka kila mwisho wa mfagio. Rudi gramu 400, na kama bado, weka mkanda.

Swali: Wakuu, mimi ni mfupi. Nikiifupisha fimbo koili inakuwa karibu na miguu na mashine inalia ovyo.
Jibu: Angalia viatu kwanza, dada. Buti lenye chuma kwenye vidole litalia tu. Vaa gambuti ya mpira mtupu.

Swali: Tangu nirekebishe fimbo, inalia kila nikifika mwisho wa kuzungusha.
Jibu: Kebo ya koili imelegea. Ulipofupisha fimbo imebaki ziada inayopigapiga. Izungushe upya kwenye fimbo, ibane kila sm 20, acha ulegevu kidogo pale inapoingia kwenye koili tu, ili koili iweze kuinama bila kuivuta.