SOMO: Jinsi ya kutangaza kazi zako za kroshia, darizi na kofia kwenye magurupu bila kufutwa wala kuchukiwa

Habari zenu wafumaji, wadarizi na mafundi kofia.

Naandika hili kwa sababu nimechoka. Haipiti wiki bila mtu kunifuata pembeni: "Admini, mbona tangazo langu limefutwa?" "Mbona fulani anauza na mimi naambiwa nakosea?" Nasimamia gurupu moja la kroshia, na nimo kwenye mengine ya darizi na ya kofia za mkono, lile la mwisho lina watu wa Lamu, Unguja, Mombasa na Maskati. Kote huko ugomvi ni uleule. Kuanzia leo atakayeniuliza nitamtumia hii.

Kabla ya hatua zenyewe, kuna kitu wengi hawajakitafakari. Humu ndani umezungukwa na mafundi. Mwanamke anayejua kufuma hatanunua kitambaa cha kochi kwako. Akikipenda ataikuza picha, atahesabu vitanzi, na Jumapili atakuwa amemaliza cha kwake. Mteja wako wa vitambaa yuko kwenye stetasi yako, kwenye kikoba, kanisani, madrasa anakosoma mtoto wako, ofisini kwa shemeji yako. Fundi mwenzako ananunua uzi, sindano, michoro (yaani maelekezo ya kufuma) na mafunzo. Zaidi ya hapo anakupa kitu kimoja kikubwa ambacho wengi hawakioni: akizidiwa na oda, tuseme sweta za sare za shule nzima, anatafuta wa kumgawia. Hatampa aliyemwaga picha kumi bila salamu. Atampa yule ambaye ameshaiona kazi ya mikono yake na adabu yake. Ukilishika hilo, nusu ya kanuni zilizo hapa chini utazitunga mwenyewe.

Hatua ya 1. Soma kanuni za gurupu. Ziko juu, kwenye maelezo ya gurupu. Basi.

Hatua ya 2. Jitambulishe: jina, ulipo, unafanya kazi gani ya mkono. Bei isiingie kwenye salamu.

Hatua ya 3. Shiriki kwanza. Jibu swali la mtu, sifia kazi ya mtu kwa kueleza kilichokuvutia, uliza unachotaka kujua. Wenzetu wa mtandao wa Reddit walikuwa na kanuni ya kukadiria kwamba katika machapisho yako kumi, moja tu ndilo liwe la kujitangaza. Sisi hatuhesabu, lakini macho tunayo.

Hatua ya 4. Picha iwe yako, ya kazi yako. Piga kivulini asubuhi, zima mwanga wa kamera, maana unafuta mishono yote. Weka rula au sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Na onyesha upande wa nyuma! Kwenye darizi, mafundi wanaangalia nyuma kabla ya mbele.

Hatua ya 5. Tangazo liwe kamili. Kitu gani, uzi gani, kipimo, bei, ulipo, unatumaje, oda inachukua muda gani. Mfano: "Kitambaa cha meza cha duara, pamba tupu, upana sm 90, Sh 45,000, nipo Morogoro, natuma kwa basi nauli juu ya mnunuzi, oda mpya wiki tatu." Mistari miwili tu na hakuna swali lililobaki. Hii habari ya "bei njoo inboksi" ndiyo inayofutwa kuliko zote. Mtu anayeficha bei kwa mafundi wanaojua bunda la uzi linauzwaje anajichoresha mwenyewe.

Hatua ya 6. Inboksi za watu. Hapa tutulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo na mimi niliwahi kutolewa gurupu. Sikutangaza mbele ya watu hata mara moja, nikajiona mstaarabu. Badala yake nilichukua namba za wanachama nikawatumia mmoja mmoja picha za nyuzi nilizoleta. Asubuhi nilikuta nimeondolewa, na miongoni mwa waliozuia namba yangu walikuwemo wanunuzi niliokuwa nao tayari.

Tangazo la hadharani mtu anaweza kulipita. La inboksi limeingia sebuleni kwake bila hodi. Wengi humu ni wanawake waliotoa namba zao kwa ajili ya kufuma, wengine waume zao wanashika simu zile, na meseji ya saa nne usiku kutoka namba ngeni inaweza kuleta kisa nyumbani. Fikiria hilo kabla ya kubonyeza.

Na sheria zimeshafika. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayokataza kutumia taarifa za mtu kibiashara bila ridhaa yake. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Sisemi utapelekwa mahakamani kwa ajili ya mabunda sita ya uzi. Nasema usijidanganye kwamba namba iliyo kwenye gurupu ni mali ya kila mtu.

Kwa hiyo:
– Usimfuate mtu pembeni mpaka aseme mwenyewe "nahitaji".
– Akisema, muulize hapohapo gurupuni kama umtumie pembeni.
– Usiwaingize watu kwenye gurupu lako jipya la biashara. Weka kiungo siku ya soko, ile Ijumaa ya kutangaza, atakayetaka aingie kwa miguu yake.
– Usiuze wala kugawa orodha ya namba. Anayefanya hivyo kwangu hapewi onyo, anatoka.

Hatua ya 7. Usitangaze chini ya posti ya mwenzako. Mtu kaweka sweta lake la kwanza, ana furaha, wewe unaandika "na mimi nafuma haya, nicheki". Acha.

Hatua ya 8. Taja aliyebuni mchoro kama si wako.

Hatua ya 9. Kikiuzwa, andika kimeuzwa. Usifute posti, maana maelezo yako yanawasaidia wanaojifunza bei.

Maswali karibuni. Someni kwanza.

---

Mama Kitambaa: Asante somo zuri. Kwa hiyo naweza kuweka linki ya duka langu hapa chini?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Mama Kitambaa: Nilikuwa nauliza tu jamani.

Mwandishi: Na mimi nimejibu tu, mama. Karibu siku ya soko, kiungo chako utaweka bila shida.

Sindano ya Dhahabu: Admini usituzunguke. Yule bibi wa kofia anaweka kofia zake kila Ijumaa na hafutwi. Sisi wengine tukiweka ni kosa. Upendeleo mtupu.

Mwandishi: Ijumaa ndiyo siku ya soko, imeandikwa kwenye kanuni, rudi hatua ya 1. Pili, huyo bibi unayemsema ndiye anayewaelekeza vijana wa humu jinsi ya kukaza viua, yale maua madogo ya kofia, visilegee baada ya kufuliwa, bure, kwa sauti, mpaka mtoto aelewe. Nimepitia posti zako zote kabla ya kujibu. Hakuna hata moja uliyomjibu mtu. Kama huo ni upendeleo, basi ninao.

Binti Mwanza: Shikamoo dada. Nimenunua mchoro wa mkoba wa kroshia mtandaoni, nimefuma mikoba kadhaa, watu wanaitaka. Naruhusiwa kuiuza? Na rafiki yangu ananiomba nimtumie lile faili naye ajifunze.

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu. Hapa kuna mambo mawili, tuyatenganishe.

Faili kwanza: hapana. Maandishi, picha na chati za mchoro ni kazi ya mtu, zinalindwa na sheria ya hakimiliki. Kwa Tanzania Bara ni ya mwaka 1999, Zanzibar wana ya kwao ya 2003, Kenya ya 2001. Rafiki yako anunue lake, au kaeni pamoja umfundishe kwa mikono. Kukaa na mtu ukamwonyesha ndivyo kazi hii ilivyorithishwa siku zote, hakuna atakayekuuliza.

Mikoba yenyewe: fungua ukurasa wa mwisho wa faili, au ule wa kwanza. Wabunifu wengi huandika masharti yao hapo. Wengi wanaruhusu fundi mdogo auze alichofuma kwa mkono wake mradi amtaje mbunifu. Wengine wanakataa. Kama hakuna kilichoandikwa, mwandikie umuulize. Wanajibu, na mara nyingi wanafurahi kuona kazi yao imefika Mwanza. Ukiuza, andika "mchoro wa fulani, kazi ya mkono wangu". Haikupunguzii mteja hata mmoja.

Na usitishwe na mtu anayedai mshono ni wake. Mnyororo, vitanzi vya nguzo, ua la magamba, hivyo havina mwenyewe. Chenye mwenyewe ni mpangilio alioubuni na maelezo aliyoyaandika.

Binti Mwanza: Asante sana dada, nimeelewa kabisa. Faili lina masharti kweli, sikuwa nimefika ukurasa huo.

Mkono Mwepesi: Je nikitumia picha ya mtandao wa Pinterest lakini nikaandika "naweza kufuma kama hii"?

Mwandishi: Umeshawahi kufuma kama hiyo?

Mkono Mwepesi: Bado ila naweza.

Mwandishi: Basi ifume, halafu uipige picha. Hatua ya 4.

Kaka Mfumaji: Niongezee hapo. Siku hizi kuna balaa jingine, picha zinazotengenezwa na akili unde (AI). Mtu anaweka gauni la kroshia lenye maua mia, mteja analipa arubuni, fundi anakwama kwa sababu kitu chenyewe hakifumiki.

Mwandishi: Kaka umenena. Wanaotaka kuzitambua: chagua mstari mmoja wa vitanzi uufuate kwa jicho. Kwenye kazi ya kweli kila kitanzi kinatoka kwa mwenzake. Kwenye hizo za kubuniwa mstari unaanza mmoja unagawanyika mitatu, au unayeyuka katikati. Rangi inabadilika mahali ambapo uzi usingeweza kukatwa. Nyuzi ni laini kupita kiasi, hazina hata unyoya mmoja. Atakayeuza mchoro kwa picha ya namna hiyo hapa anatoka bila mjadala.

Msafiri wa Maskati: Assalaam alaykum. Huku sokoni kofia nyingi zinaitwa za mkono na si za mkono. Kwenye picha nitajuaje? Nimeshauziwa mara nyingi.

Mwandishi: Waalaykum salaam. Omba picha ya ndani, kofia imegeuzwa, si ya juu peke yake. Muuzaji anayekataa ameshajibu.

Mzee wa Baraghashia: Ngoja nimsaidie kijana wangu. Mashine inashona kwa nyuzi mbili, wa juu na wa chini unaotoka kwenye bobini. Ukigeuza unaona ule wa chini, mara nyingi ni mwembamba na mweupe hata kama juu kuna rangi. Utaona pia uzi umeruka kutoka ua hadi ua, au nyuzi za kuunganisha zilipokatwa. Mkono unatumia uzi uleule juu na chini. Na mishono ya mkono haifanani kabisa kabisa, hata ya fundi bingwa. Ukiona mia sawasawa, jua ni umeme. Tena angalia bei: kofia ya viua iliyokaa mkononi mwa mtu miezi haiwezi kuuzwa bei ya sahani ya biriani.

Mwandishi: Shukrani mzee. Hili nalo liingie kwenye adabu ya kutangaza: ya mashine iuzwe kama ya mashine. Si aibu, ina wateja wake. Aibu ni kuiita ya mkono.

Msafiri wa Maskati: Je kroshia ya mashine nayo ipo?

Mwandishi: Swali zuri sana. Sweta la sindano mbili, ndiyo, mashine zinafuma tangu zamani. Kroshia ya kweli viwandani hakuna, zinazoonekana hivyo ni kitambaa cha mashine kilichoigiza tu. Ukikuta kofia ya kroshia ya kweli dukani kwa bei ya kutupa, kuna mtu mahali ameifuma kwa mkono na amelipwa karibu na bure.

Mama Sweta: Dada, nimemfumia mtoto wa mteja sweta zuri. Naweza kuweka picha yake amelivaa?

Mwandishi: Muombe mzazi, na akubali kwa maandishi, hata meseji inatosha. Kenya mwaka 2023 ofisi ya kulinda data ilitoza faini shule iliyotumia picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na klabu iliyoweka picha ya mteja wake. Njia rahisi ni kulitundika sweta kwenye hanga. Kazi inaonekana vizuri zaidi hata.

Mama Sweta: Hilo la hanga sikulifikiria. Nje ya mada kidogo, uzi uliniishia, nikanunua mwingine rangi ileile ila mkono mmoja umetoka tofauti.

Mwandishi: Angalia karatasi ya bunda, kuna namba ya rangi na kuna namba ya loti, yaani mkupuo uliotiwa rangi pamoja. Rangi sawa, loti tofauti, haziwi sawa. Nunua ya kutosha kwa mara moja. Kama umeshakwama, badilisha mabunda kila mistari miwili, loti ya zamani na mpya kwa zamu, tofauti inajificha.

Shangazi Pasi: Na vitambaa vyangu vya meza kwenye picha vinalala kama matambara, vya wenzangu vimesimama.

Mzee wa Baraghashia: Wanga, shangazi. Koroga unga wa muhogo kijiko kimoja kwenye maji baridi, umimine kwenye maji yanayochemka mpaka yawe kama uji mwepesi. Chovya, kamua bila kusokota, kitandaze juu ya taulo ukibane kwa pini. Kofia ivalishe juu ya bakuli linaloenea kichwa, ikikaribia kukauka ndiyo pasi.

Shangazi Pasi: Wa mahindi hautafaa? Wa muhogo huku kwetu ghali.

Mzee wa Baraghashia: Wanga wa mahindi ule wa kwenye pakiti, sawa. Sembe hapana, inaacha chembe.