Anzia msibani, si ukurasa wa kwanza

Ukifundisha Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare, kidato cha tatu, ruka moja kwa moja hadi tendo la tatu, onyesho la pili: msiba wa Caesar. Mmoja apande juu ya dawati awe Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, mwingine Antony, rafiki wa marehemu. Waliobaki ni umati wa Roma, ruksa kuzomea. (Mwambie mapema mwalimu wa darasa la jirani.) Maiti? Mimi hulaza sweta langu mezani.

Kila Antony akimwita Brutus "honourable" (mwenye heshima), wachore mstari daftarini. Kisha uliza: mara ya kwanza alimaanisha heshima, na ya mwisho je? Kejeli wataigundua wenyewe.

Dakika kumi za mwisho, wasome hotuba hiyohiyo kwa Kiswahili cha Nyerere, tafsiri ya 1963, wabishane neno lipi limekolea. Wasifu wa Shakespeare usubiri Ijumaa mchana.