Somo: Jinsi ya Kusoma Tabianchi ya Kale katika Mashapo ya Ziwa na Vumbi la Upepo

Rekodi za mvua na joto zilizopimwa kwa vyombo hazirudi nyuma sana. Katika sehemu nyingi za dunia hazifiki hata miaka 150. Anayetaka kujua kama ukame fulani ni wa kawaida au haujapata kuonekana hana budi kuutafuta ushahidi ardhini, na miongoni mwa hifadhi bora za nchi kavu ni mbili: tope linalotua chini ya maziwa, na vumbi la upepo lililorundikana hata likawa udongo unaoitwa loesi. Ziwa hutunza zaidi habari za maji, ilhali loesi hutunza habari za upepo na za udongo uliokuwa ukijijenga pale vumbi lilipopungua. Nafasi kubwa nitaitumia kwenye umri na kwenye maana ya viashiria, yaani vitu vinavyopimika leo ambavyo hubeba alama ya tabianchi ya kale, kwa kuwa hapo ndipo mahitimisho mengi huvunjikia. Uchimbaji, pamoja na jasho lake lote, ni sehemu rahisi kuieleza.

Hatua ya 1: Kuchagua mahali

Ziwa linalofaa ni lile lisilo na mto unaotoka, kwa sababu kina chake na chumvi yake hubadilika mara mvua inapopungua au kuongezeka. Lifaalo zaidi ni lenye kina kirefu kiasi kwamba maji ya chini kabisa hayana oksijeni, maana pasipo oksijeni hakuna wadudu wala minyoo wa kulivuruga tope, na matabaka hubaki kama yalivyotua. Maziwa ya kreta, yaani yaliyojaa katika shimo la volkano, huwa na sifa hizi mara nyingi. Ziwa Challa, lililoko chini ya Kilimanjaro kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, ni mfano mzuri: katika majira ya upepo diatomu, yaani mwani mdogo wenye maganda ya silika, huongezeka na kuacha utando mweupe, kisha juu yake hutua utando wa rangi nyeusi zaidi, na jozi hiyo moja huwakilisha mwaka.

Kwa loesi, tafuta uwanda wa juu ulio tambarare ambako majani yalilinasa vumbi na mvua haikulichukua tena. Mteremko haufai hata kidogo. Eneo linalojulikana kuliko yote ni Nyanda za Loesi za China, ambako vumbi lililotoka kwenye majangwa ya kaskazini na kaskazini-magharibi limejenga unene unaozidi mita 100 katika sehemu nyingi.

Hatua ya 2: Kutoa nguzo ya mashapo

Ziwani, bomba lenye pistoni hushushwa kutoka kwenye jukwaa linaloelea, na kila mzamo huleta nguzo ya mashapo ya urefu wa mita moja au zaidi. Toboa angalau mashimo mawili jirani, na la pili uanze kulikata nusu ya bomba chini zaidi ya la kwanza, ili maungio ya shimo moja yafunikwe na sehemu nzima ya jingine. Usipofanya hivyo utapoteza sentimita kadhaa katika kila ungio bila kujua. Sentimita za juu kabisa ni ujiuji, na pistoni huzivuruga. Zichukue kwa bomba fupi linalozama kwa uzito wake lenyewe.

Kwenye loesi hakuna haja ya mashua. Kwangua uso wa genge mpaka ufikie udongo ambao haujaguswa na jua wala mizizi ya leo, kisha kata sampuli kwa mfuatano kutoka juu hadi chini.

Hatua ya 3: Kufungua na kueleza

Pasua bomba kwa urefu, lainisha uso, na upige picha papo hapo. Tope lililokaa bila oksijeni mara nyingi huwa na misitari myeusi ya madini ya chuma na salfa, na misitari hiyo hufifia na kugeuka kahawia hewa inapoifikia. Anayeahirisha picha hadi kesho atakuwa akipiga picha ya kitu kingine. Andika rangi, unene wa kila tabaka, na mahali ambapo mpaka ni mkali. Kutambua chembe, wanajiolojia wengi hutumia meno bila aibu: mfinyanzi mtupu ni laini kama siagi, lakini vumbi la loesi, ambalo chembe zake nyingi ziko kati ya mikromita 10 na 50, hukereza.

Hatua ya 4: Kupata umri

Hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote. Kwa miaka 100 hadi 150 ya karibuni hutumika risasi-210, aina ya risasi yenye mnururisho, ambayo nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni miaka 22 hivi, na huthibitishwa kwa seziamu-137, kwa kuwa majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliacha kilele chake kinachoonekana katika tope la mwaka 1963. Zaidi ya hapo hutumika kaboni-14, yenye nusu-uhai wa miaka 5,730, ambayo hufika takribani miaka 50,000 na kuishia hapo. Umri wa kaboni-14 si umri wa kalenda mpaka usahihishwe, na mashapo ya Ziwa Suigetsu huko Japani, yenye matabaka ya kila mwaka yaliyohesabiwa na majani yaliyopimwa tabaka kwa tabaka, ni miongoni mwa misingi ya usahihishaji huo.

Chagua kwa uangalifu kitu unachokipima. Jani au kipande cha mkaa kutoka nchi kavu kilipata kaboni yake hewani. Ganda la konokono wa majini lilipata sehemu ya kaboni yake kwenye maji, na kama mito inapita kwenye miamba ya chokaa, kaboni hiyo ni ya kale mno na haina tena kaboni-14, hivyo ganda linaweza kuonekana na umri uliozidi kwa mamia au hata maelfu ya miaka.

Majivu ya volkano ni zawadi, kwa sababu mlipuko mmoja huacha alama ya wakati mmoja katika maziwa yaliyo mbalimbali; chembe za kioo kutoka mlipuko wa Toba wa Indonesia, wa takribani miaka 74,000 iliyopita, zimepatikana hadi chini ya Ziwa Malawi.

Loesi ina saa yake. Chembe za kwatzi, madini magumu ya silika, zikiwa gizani hukusanya nishati kutokana na mnururisho wa asili, na mwanga wa jua huifuta nishati hiyo. Basi ukiichochea maabara na kupima mwanga unaotoka, unapata muda uliopita tangu chembe ilipofunikwa mara ya mwisho. Sampuli hizi huchukuliwa kwa bomba la chuma lililogongwa gengeni, na hazioni mwanga wa kawaida mpaka maabara. Kwa umri mkubwa zaidi tunategemea mageuko ya sumaku ya dunia, yaani nyakati ambapo ncha zake za kaskazini na kusini hubadilishana; geuko kubwa la mwisho lilitokea takribani miaka 780,000 iliyopita. Mwaka 1982 Friedrich Heller na Liu Tungsheng walitumia mageuko hayo kuonyesha kwamba mfululizo wa loesi ya China ulianza yapata miaka milioni 2.4 iliyopita, leo mwanzo huo huwekwa karibu na milioni 2.6.

Hatua ya 5: Kupima viashiria

Ziwani, diatomu hutofautiana kwa kupenda chumvi au kuikwepa, hivyo aina zake hueleza ukubwa wa ziwa. Uvukizi huondoa kwanza maji yenye oksijeni-16 iliyo nyepesi na kuacha oksijeni-18, kwa hiyo chokaa iliyojengeka wakati wa ukame huwa na oksijeni-18 nyingi zaidi. Chavua huonyesha mimea ya eneo pana, ingawa mmea unaotoa chavua nyingi hujionyesha kuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa. Ziwa Naivasha limesomwa hivi, kwa diatomu na mabuu ya visubi: kati ya mwaka 1000 na 1270 hivi eneo lilikuwa kavu kuliko leo, kisha karne zilizofuata hadi 1850 hivi zikawa na maji mengi zaidi, zikikatizwa na vipindi vitatu vya ukame.

Kwenye loesi, ukubwa wa chembe huonyesha nguvu ya upepo na ukaribu wa jangwa, na kwa China huchukuliwa kama alama ya monsuni, yaani pepo za msimu, ya majira ya baridi. Matabaka ya njano ya vumbi hupishana na matabaka mekundu ya udongo wa kale, ambayo yalijengeka joto na mvua vilipoongezeka. Humo mvua huzalisha chembe ndogo mno za madini ya chuma yenye usumaku, na kwa hiyo udongo mwekundu hushika usumaku kwa wepesi zaidi kuliko vumbi lililo juu na chini yake.

Hatua ya 6: Kutoka kiashiria hadi tabianchi

Kila kiashiria hupima tendo fulani, kama uvukizi, upepo au ujengekaji wa udongo, na tabianchi ni sababu mojawapo tu ya tendo hilo. Jiulize ni nini kingine kingeweza kuleta alama ile ile: mto uliohama, maporomoko chini ya maji, moto, watu waliofyeka msitu. Ukikubali tafsiri pale tu viashiria viwili visivyotegemeana vinapokubaliana, utakuwa na michoro michache yenye kudumu. Kushuka kwa Ziwa Malawi kwa takribani mita 600, zaidi ya miaka 75,000 iliyopita, kulikubalika kwa sababu nguzo za mashapo zilizotolewa mwaka 2005 zilionyesha jambo lile lile kwa chokaa, kwa viumbe na kwa chavua.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nguzo yangu haina jani hata moja, ina makombe tu. Je, niache kupima umri?

Jibu: Marahaba. Usiache. Chuja tope upate mkaa mdogo au chavua. Visipopatikana, pima ganda la kiumbe aliye hai leo katika ziwa hilo, uone limezidi miaka mingapi, kisha uiondoe ziada hiyo. Lakini kumbuka kuwa ziada hubadilika kina cha ziwa kinapobadilika, kwa hiyo panua kiwango cha shaka kadiri unavyoshuka chini.

Swali: Nimesoma kwamba huko Alaska loesi ndiyo yenye usumaku mwingi na udongo wa kale una kidogo. Hilo halibatilishi Hatua ya 5?

Jibu: Linaibana, na nashukuru umelileta. Upepo mkali wa huko ulibeba chembe nzito za sumaku kutoka karibu, na udongo uliojaa maji uliziyeyusha chembe hizo badala ya kuzalisha mpya. Kanuni ya China haisafirishwi kwenda kwingine kabla ya kuchunguza madini yenyewe.

Swali: Je, vumbi la upepo linaweza kutambuliwa ndani ya ziwa?

Jibu: Ndiyo, hasa kama miamba inayolizunguka haina madini hayo. Kwatzi katika ziwa la kreta lililozungukwa na basalti tupu, mwamba mweusi wa volkano, imeletwa na upepo.

Swali: Naweza kuutaja mwaka fulani kuwa ulikuwa wa ukame?

Jibu: Kwa matabaka ya kila mwaka pekee. Fanya hesabu: ikiwa loesi inajengeka sentimita 10 kwa miaka 1,000, sampuli ya sentimita 2 imechanganya miaka 200, na mizizi imechanganya zaidi ya hapo.

Swali: Sina mashua wala maabara kubwa. Nianzie wapi?

Jibu: Tanuri na mizani nyeti vinatosha kuanzia. Kausha sampuli, ipime, ichome kwa nyuzijoto 550, uipime tena: kilichopotea ni mabaki ya viumbe. Ipandishe hadi 950, na kinachopotea safari hii ni kaboni dioksidi ya chokaa. Kama huna hata sampuli, NOAA, shirika la serikali ya Marekani la bahari na anga, huweka wazi data za tafiti nyingi. Pakua nguzo moja, chora umri dhidi ya kina, na utazame ni wapi mstari umenyooka bila kipimo chochote cha umri cha kuushikilia.