Kujaribu makatizo ya kerneli bila kuhatarisha laptopu yako

Vijana wengi ninaowaelekeza hapa Mwanga, Kigoma, wana laptopu moja tu, na mchana laptopu hiyo hiyo ndiyo inayochapa barua za wateja dukani. Kerneli (kiini cha mfumo endeshi) unayoiandika mwenyewe haina wa kuizuia: inaweza kuandika popote kwenye diski. Usiibuti kwenye mashine halisi kabla haijapita hatua hizi ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima. Nachukulia kerneli yako ni ya x86_64, inabuti, na jedwali la makatizo (IDT), linaloiambia CPU iruke wapi kila katizo (ishara ya kuacha kazi iliyopo na kushughulikia jambo jingine) linapokuja, limeshapakiwa.

Hatua ya 1: Weka uzio

`qemu-system-x86_64 -accel tcg -m 128 -snapshot -nic none -drive file=kerneli.img,format=raw -no-reboot -no-shutdown -d int -D makatizo.log -monitor stdio`

`-snapshot` hupeleka kila kinachoandikwa kwenye faili la muda, kwa hiyo hata kerneli.img haiguswi. `-nic none` inaondoa kadi ya mtandao. `-no-reboot` na `-no-shutdown` kwa pamoja huifanya mashine isimame pale ilipofia, nawe unapata nafasi ya kuandika `info registers` kwenye monita ya QEMU, yaani terminali ile ile ulipoianzishia. Usitumie sudo, na usiipe QEMU `/dev/sda` kwa sababu yoyote ile. Picha ya diski ikiharibika unaitengeneza upya mara moja. Diski ya duka ikiharibika, kazi za watu zimepotea.

Hatua ya 2: Hamisha PIC

PIC ni chipu inayopokea ishara za vifaa na kuzipeleka kwa CPU. Vekta (namba za makatizo) 0 hadi 31 ni za CPU yenyewe. BIOS huacha taima kwenye vekta 8, ambayo kwa CPU ni hitilafu maradufu, na wengi huhangaika usiku kucha wakitafuta hitilafu isiyokuwepo. Hamishia PIC kwenye 32 hadi 47. Mwanzo wa logi (makatizo.log, ambamo `-d int` huandika kila katizo) utajaa makatizo ya BIOS, yapite.

Hatua ya 3: Katizo la kujitakia

Weka `int $0x20` ndani ya kerneli. Logi itaonyesha `v=20` (vekta 0x20, yaani 32) na `i=1` (limetoka kwenye amri ya `int`). Ukiona `v=20`, kisha `v=0d` (hitilafu ya ulinzi), kisha `v=08` (hitilafu maradufu), halafu kimya, basi nafasi hiyo ya IDT ni tupu au imejazwa vibaya.

Wengi huishia hapa wakidhani wamemaliza. Hawajamaliza. Amri ya `int` haipiti kwenye PIC, haijali kama umefunga makatizo kwa `cli`, na hutokea pale tu ulipoiandika. Katizo la kweli huja wakati wowote, na ugumu wote uko hapo.

Hatua ya 4: Taima

PIT, chipu ya taima, huhesabu mara 1193182 kwa sekunde. Ukigawa kwa 11932 unapata takriban makatizo 100 kila sekunde. Ruhusu IRQ 0 (laini ya taima kwenye PIC), kisha `sti` kufungua makatizo. Sasa logi inatoa `v=20` yenye `i=0`: limetoka nje ya CPU. Likija mara moja tu kisha basi, hukuandika 0x20 kwenye poti 0x20 (kuiambia PIC umemaliza) mwishoni mwa handla, yaani msimbo unaoshughulikia katizo.

Hatua ya 5: Kibodi

Ruhusu IRQ 1, kisha kwenye monita andika `sendkey a`. Tarajia `v=21` mbili: kubonyeza (1e) na kuachia (9e). Ukipata moja, tazama kama handla inasoma poti 0x60.

Hatua ya 6: Lisogeze katizo

Andika kitanzi kinachojaza rejista r8 hadi r15 thamani unazozijua na kuzikagua kila mzunguko, huku taima ikipiga. Kisha ongeza `-icount shift=3`. Hapo kila amri ya CPU huchukua nanosekunde 8 za mashine pepe, na taima haitegemei tena kama laptopu iko bize na kuchapa. Ukibadilisha 3 kuwa 4 au 5, katizo linaangukia mahali pengine.

Hivi ndivyo unavyonasa hitilafu za kujificha. Kompaila ya x86_64 inaruhusiwa kuweka data kwenye baiti 128 chini ya kielekezi cha staki bila kukisogeza. Katizo likiingia hapo, CPU inaandika juu ya data hiyo, na hesabu sahihi inatoa jibu la ajabu mara moja moja tu. Kompaili kerneli kwa `-mno-red-zone`, ili eneo hilo lisitumike.

Hatua ya 7: Acha mashine itoe hukumu

Ondoa `-no-shutdown` na `-monitor stdio`, ongeza `-display none -device isa-debug-exit,iobase=0xf4,iosize=0x04`. Kerneli ikifaulu iandike 0x10 kwenye poti 0xf4. QEMU itatoka na namba 33. Zungusha shift kuanzia 2 hadi 7, kila mzunguko na logi yake, ukitanguliza `timeout 60`. Ukipata 124, `timeout` ndiyo iliyoikatiza na kerneli imeganda: fungua logi ya mzunguko huo, usome `v` ya mwisho na anwani ya `IP` iliyo kando yake.